Bi Sitini na Lori la Arobaini na Moja

Ijumaa, tarehe 28 ya mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Sitini atafunga droo ya meza yake katika chumba cha michoro na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia kiwanda chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Au thelathini na mitatu. Jalada lake linasema thelathini na mmoja. Yeye mwenyewe anasema thelathini na mitatu, kwa sababu miwili ya mwanzo alikuwa kibarua, na vibarua hawakuwa wakifunguliwa majalada. Mtunza bohari, anayedai ndiye aliyempokea siku ya kwanza, anashikilia kuwa ni thelathini na minne, lakini huyohuyo mwaka jana alituapia kwamba tuna mapipa sita ya rangi wakati tulikuwa na mawili. Nimeandika thelathini na mmoja ili ofisi iridhike. Msomaji achague mwenyewe.

Mimi ni mchoraji wa meza ya pili, nimekaa mgongo kwa mgongo na Bi Sitini kwa miaka kumi na miwili. Kamati ya sherehe ilinichagua kuandika wasifu huu wa kwenye ratiba ya sherehe katika kikao ambacho sikuwepo, na niliporudi nikakuta nimeshapongezwa. Nilidhani itakuwa kazi ya jioni moja. Sasa ni wiki ya tatu, rasimu zimefika saba, na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kutoelewa ninaandika nini. Mtanivumilia.

Kwa wenzetu wa jikoni, uhasibu na ulinzi ambao hawajui kinachofanyika chumba cha michoro, nieleze kidogo. Zamani kila taa ya gari ilikuwa na waya wake, na kila waya ulitembea peke yake kutoka kwa dereva hadi mkiani. Lori kubwa lilibeba mkungu wa nyaya mnene kama paja la mtu. Siku hizi injini ina kompyuta yake ndogo, giaboksi ina yake, breki zina yake, dashibodi ina yake, na zote zinazungumza kwa zamu kwenye jozi moja tu ya nyaya zilizosokotwa pamoja, iliyolala kutoka mbele ya gari hadi nyuma. Jozi hiyo tunaiita njia kuu. Kila ncha ya njia kuu lazima ifungwe rezista, kipande kidogo cha kukinza umeme, ya omu mia na ishirini, ili ujumbe ukifika mwisho uishie pale. Usipoifunga, ujumbe unarudi ulikotoka kama sauti kwenye ukumbi mtupu, na kompyuta zinashindwa kusikilizana. Ncha mbili, rezista mbili. Ukizima umeme wa gari na kuweka mita ya umeme kati ya zile nyaya mbili, utasoma omu sitini, kwa sababu rezista mbili zilizo sambamba husomeka kama nusu ya moja.

Jina la Bi Sitini limetoka hapo. Wageni hudhani ni umri wake, na kweli mwezi uliopita ametimiza sitini, lakini jina hilo anatembea nalo tangu akiwa na thelathini na kitu. Kila asubuhi, kabla ya chai, alishuka karakana na mita yake, akapita gari moja baada ya jingine kwenye mstari wa kuunganisha, akapima. Aliyemwambia gari lake linasoma hamsini na mbili aliulizwa, "Hamsini na mbili ni namba ya nani hiyo?" na chai ya fundi huyo ilipoa. Hatukuwahi kutoa gari ambalo hakulipima. Hilo ni kweli, na nakuomba ulikumbuke, kwa sababu baadaye litakuchanganya kama lilivyonichanganya mimi.

Alianza kazi kwenye ubao wa misumari, pale nyaya zinaponyooshwa na kufungwa mikungu kabla hazijaenda kwenye gari. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na msimamizi wa wakati huo alimhamishia chumba cha michoro baada ya kugundua kwamba kibarua huyo alikuwa akisahihisha michoro kimyakimya kwa kupinda msumari mahali palipokosewa. Hakuna aliyemfundisha kusoma mchoro. Anasema aliusoma kutoka upande wa nyuma, akianza na waya mkononi na kurudi hadi kwenye karatasi. Sielewi maana yake, lakini amenieleza mara nne.

Kisa kinachopendwa zaidi karakana ni kile cha basi la wageni. Fundi mmoja, mtu nadhifu sana, aliona zile nyaya zilizosokotwa hazipendezi. Akazisokotoa mita tatu nzima, akazinyoosha sambamba, akazichana kama nywele, zikapendeza kweli. Siku ya kukabidhi basi, mgeni wa heshima alikaa kwenye usukani akapiga honi, na dashibodi ikatangaza kwamba injini haina maji. Akapiga tena, ikatangaza kwamba milango yote iko wazi. Mgeni alifurahi sana, akadhani ndivyo basi lilivyotengenezwa, na akaendelea kupiga honi ili aone litasema nini tena. Bi Sitini alikuwa amesimama nyuma ya umati, uso ameuficha kwenye mtandio, na hadi leo hatujui kama alikuwa anacheka au analia. Kesho yake alimpa yule fundi nadhifu kipande cha waya kilichosokotwa akakae nacho mezani. Bado kipo.

Hapa ndipo rasimu ya kwanza iliishia. Niliongeza shukrani, nikaipeleka kwa mwenyewe aisome kama utaratibu unavyotaka. Ilirudi na wino mwekundu chini: "Na ya tipa je?" Kamati ikasema habari za tipa si za sherehe. Nikamwambia. Akaandika tena, kwa herufi kubwa zaidi. Mara ya tatu kamati ilichoka kabla yake, kama nilivyojua itachoka. Basi ya tipa ni haya.

Miezi mitatu iliyopita tulikuwa tukijaribu tipa jipya refu, la kubebea mawe machimboni. Dereva wetu wa majaribio, tunayemwita Kokoto, alirudi nalo siku ya pili akapanda moja kwa moja hadi chumba cha michoro. Alisema akiwa mteremkoni na mzigo, dashibodi ilizimika muda wa mtu kutaja majina ya watoto wake wawili, na kwa muda huo breki ya injini ilimwachia. Breki za upepo zilikuwepo, ndizo zilizomwokoa. Tukalipima tipa mbele yake. Mita ikasoma sitini. Kesho yake likamfanyia vilevile. Tukalipima, sitini.

Mchoro wa tipa hilo nilikuwa nimeuchora mimi, kwa kunakili mchoro wa zamani wa lori refu na kubadilisha dashibodi tu. Kwa hiyo macho yote yalikuwa kwangu. Kwa siku tisa nilibadilisha kila kitu kinachobadilishika: plagi, visanduku vya kompyuta, hadi betri. Sikuwa nikilala vizuri. Kitu kinachokataa kufanya kazi unaweza kukitafuta, lakini hiki kilikuwa kikifanya kazi siku nzima, kinakwama kwa sekunde tatu, kisha kinaendelea kama hakuna kilichotokea. Nilianza kumshuku Kokoto. Nilianza kuishuku hata mita.

Siku ya kumi nililala chini ya gari na futi ya kupimia, nikaifuata njia kuu kwa mkono kutoka mbele. Nilipofika kwenye kisanduku cha breki, katikati ya chesi, yaani fremu ya gari, nikakuta rezista. Rezista ya mwisho, katikati. Baada yake nyaya ziliendelea mita saba nyingine hadi nyuma, kwenye kisanduku cha kunyanyulia bodi, na pale mwisho hapakuwa na kitu. Ncha ilikuwa wazi. Kwenye lori fupi kisanduku cha breki ndicho cha mwisho, kwa hiyo rezista iko sawa. Mtu aliyelirefusha lori alirefusha njia akasahau kuhamisha rezista. Na mita isingeweza kusema lolote, kwa sababu mita inazisoma rezista mbili kwa pamoja popote zilipo. Ziweke zote chini ya kiti cha dereva, itasoma sitini vilevile.

Nilipanda chumba cha michoro nikautoa mchoro wa zamani ambao niliunakili. Ulikuwa na umri wa miaka sita. Pembeni kulikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa ya Bi Sitini.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika mita. Wahenga wamesema mganga hajigangi, lakini ni msemo unaousema juu ya watu wengine. Yeye mwenyewe wiki hiyo alikuwa likizo, amekwenda kwa bintiye aliyejifungua, na ilikuwa imebaki miezi mitatu kasoro astaafu. Nikawaza, miaka thelathini na mmoja, au mitatu, halafu jambo la mwisho watu watakalolisema ni hili. Nikaihamisha rezista ikaenda mwisho wa njia, Kokoto akalipeleka tipa mteremkoni mara sita, likatulia. Kisha nikajaza fomu ya marekebisho. Mahali palipoandikwa "Chanzo cha kosa" nikaandika: mchoraji wa meza ya pili. Mahali palipoandikwa "Magari mengine yanayohusika" nikaandika: hakuna.

Meneja aliniita akaniambia jina langu litaondolewa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutia sahihi michoro. Karakana walinicheka wiki nzima. Nami, nikiri tu, nilikuwa najisikia vizuri. Tenda wema nenda zako, nilijiambia, na nikaenda zangu.

Bi Sitini alirudi Jumatatu. Huwa anasoma fomu zote zilizojazwa akiwa hayupo, na aliisoma yangu akiwa amesimama. Tangu hapo hakunisalimia kwa siku nne. Si asubuhi, si wakati wa chai. Alikuwa akiingia chumba cha majalada na kutoka na vumbi mabegani, anapita nyuma ya kiti changu kana kwamba ni kabati. Nilichanganyikiwa. Niliwaza labda amekasirika kwamba nimeharibu mchoro. Kisha nikawaza labda amejua, na ameona aibu, na anashindwa kunishukuru. Hili la pili nililiamini kwa siku mbili nzima, na sasa hivi nikiliandika masikio yananiwaka.

Siku ya tano aliweka mchoro wa miaka sita juu ya meza yangu, akaufungua kwa viganja vyote viwili. "Umenisitiri, mdogo wangu," alisema. "Asante. Sasa niambie, na wale walioko barabarani nao umewasitiri?"

Sikumwelewa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba sijaelewa. Akatoa karatasi mfukoni, orodha aliyoiandika kwa mkono katika siku zile nne. Mchoro ule ulikuwa umetengeneza malori arobaini na moja kabla ya tipa letu. Yote marefu, yote na rezista katikati, yote tuliyapima, yote yalisoma sitini. Yako machimboni, kwenye mashamba ya miti, kwenye barabara za milimani. Na kwenye fomu iliyo ofisini, kwa mwandiko wangu mzuri, ilikuwa imeandikwa kwamba magari mengine yanayohusika hakuna.

Wazo la magari mengine halikuwa limenijia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, kwa sababu si jambo gumu. Mchoro mmoja ukikosewa, kila kilichotoka humo kimekosewa. Nadhani nilikuwa nikiangalia jina lake tu. Kwa siku kumi na moja, tangu nijaze ile fomu hadi aliponiuliza, watu arobaini na mmoja walishuka miteremko na mizigo yao, na mtu pekee aliyejua tangu mwanzo kosa lilikotoka alikuwa mimi, nami nilikuwa najisikia vizuri.

Tulikwenda kwa meneja pamoja. Meneja ni mtu mwema na alitafuta njia ya wema. Alipendekeza magari yaitwe polepole, moja moja, kwa kisingizio cha matengenezo ya kawaida, na chanzo cha kosa kiandikwe baada ya sherehe. Bi Sitini alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na akaomba simu. Barua zilitoka siku hiyohiyo kwa wamiliki wote, na ndani yake iliandikwa wazi kosa ni lipi, la mchoro upi, na nani alitia sahihi. Fomu yangu ilijazwa upya. Kwenye chanzo cha kosa sasa kuna majina mawili, lake kwa kukosea na langu kwa kuficha. Hilo la pili fomu haina mahali pake, akachora mstari mwenyewe kwa rula.

Wiki zake kumi za mwisho hakuzimalizia mezani. Alivaa ovaroli, akalala chali chini ya malori yaliyoletwa, na yasiyoweza kuletwa aliyafuata na Kokoto. Tulimwambia vijana wapo. Alisema vijana watafunga rezista, lakini yeye anataka kuongea na madereva. Mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, alikuwa akija mchana na chakula na ovaroli safi. Alisimama mlangoni pa karakana akilalamika ili tumsikie: "Mimi nilioa mchoraji, sasa kila jioni narudishiwa fundi wa gereji!" Kisha anapiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta na kumpitishia kikombe cha uji chini ya chesi.

Madereva walikuwa na mengi. Mmoja wao, mzee, alikuwa na miwani mpya kabisa. Alipoona dashibodi ikififia mara kwa mara aliamini macho yake yanakufa, akaficha, akanunua miwani, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akiendesha akiombea asije akaitwa kupimwa. Bi Sitini alimketisha kwenye hatua ya lori akamweleza kila kitu, ncha, rezista na mita saba. Yule mzee aliivua miwani, akaikunja, akaivaa tena. Alisema ameshaizoea. Bi Sitini alizunguka nyuma ya lori na alikaa huko kwa muda. Safari hii nilimwona, alikuwa analia.

Nilimuuliza siku moja jambo ambalo limenisumbua kuliko yote. Ilikuwaje yeye, wa mita kabla ya chai, apite magari arobaini na moja kwa mkono wake asione? Akafuta mikono. "Mita ilinijibu nilichoiuliza," alisema. "Sikuwahi kuiuliza rezista iko wapi." Akaongeza kwamba alikuwa na uhakika mno, na kwamba akipewa miaka mingine thelathini angeitumia kujipunguzia uhakika. Sijui kama mtu anapaswa kuandikiwa hivyo kwenye wasifu wake. Yeye ndiye aliyesisitiza.

Matunda ya kazi yake ni mengi. Michoro mia mbili na zaidi ya magari mazito, tawi la waya kutoka njia kuu hadi kwenye kompyuta lisilozidi mita moja, ambalo sasa ni sheria ya karakana nzima, mafundi wasiopungua thelathini waliopita mikononi mwake. Tangu mwezi uliopita kuna utaratibu mpya: baada ya kupima, mtu analala chini na kuifuata njia kuu kwa mkono hadi ncha zote mbili, na anasema kwa sauti alichokigusa. Aliuandika yeye. Nilipomuuliza tuuite nini, alisema utaratibu hauhitaji jina, unahitaji mtu wa kulala chini.

Hadi tunapochapa ratiba hii, malori arobaini yamerekebishwa. Hakuna aliyeumia. Tumeliandika hilo kwa penseli kwanza, kisha kwa kalamu.

Limebaki moja. Lilikuwa jeupe, tunaambiwa sasa limepakwa rangi ya buluu. Limeuzwa mara mbili, mmiliki wa pili alifariki, na simu ya wa tatu haipatikani. Namba ya chesi inaishia na sifuri, saba, saba. Jumanne iliyopita Bi Sitini alipiga simu kumi na nne kulitafuta, na jana kumi na moja.

Kamati ilikuwa imeandaa zawadi, ameikataa kwa upole. Mgeni rasmi atahutubia, shemeji atakata keki, na fundi nadhifu wa basi la wageni ameomba asimame aseme neno, ingawa hatujui atasema nini. Bi Sitini, kwa niaba ya karakana, chumba cha michoro na ofisi, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ukali wako. Mimi nakushukuru kwa siku nne za kununiwa, ambazo sikuzielewa na sasa nadhani nazielewa, au karibu.

Hapa ndipo pa kukutakia maisha mema. Tulipoandika sentensi hiyo uliikata kwa wino mwekundu, ukaandika pembeni: "Hayo niwekeeni mpaka mlipate." Basi tumekuwekea. Na wewe unayesoma, kama umeliona tipa refu la buluu, kama unamjua dereva wake, mwambie asishuke mteremko na mzigo, kisha piga simu chumba cha michoro, meza ya pili. Saa yoyote. Nitapokea mimi.